Wifi wa Mtaa Mzima

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi nirudishie, maana ile picha yako ya gazetini haisemi umri. Naomba msaada, na naomba unisaidie upesi, kwa sababu jambo lenyewe lina siku yake na siku yenyewe inakuja mbio, na mimi tangu juzi chakula hakipiti, na nyumbani wakiniuliza nina nini nasema jino, na sasa wamenichemshia maji ya chumvi nisukutue jino ambalo halina kosa lolote.

Mimi nashona mapazia na mashuka, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko mbele ya nyumba yetu hapohapo barabarani na mtaa mzima wanamwita Cheche. Ni mtu mzuri, Mshauri, naanza na hilo ili usije ukanikatiza njiani. Lakini baada ya kumzika mdogo wake waliyekuwa wakifanya kazi pamoja alianza kunywa, na si ile ya mtu kunywa jioni akarudi anaimba, afadhali ingekuwa hiyo, yeye alikuwa anakunywa asubuhi kabla ya chai, anakunywa ili mikono itulie ashike kazi, na kazi yenyewe inatoka kombo, akamtengenezea mtu geti likakataa kufunga, akalirudia likakataa kufunguka, mpaka wateja wakawa wanapita upande wa pili wa barabara na kujifanya wanaangalia simu. Pombe ikimwisha mwilini anakaa kando ya mashine anaangalia chini, na siku moja akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayekuagiza chumvi, kwamba mimi na watoto tungepumzika kama yeye asingekuwepo.

Nilikimbia, Mshauri. Nilikimbilia zahanati na ndara za miguu tofauti, moja yangu na moja ya mwanangu, nikidhani watanipa gari la kumpeleka hospitali kubwa akafungiwe huko, na mimi nibaki na aibu yangu. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa namba ya simu ya kupiga hata kama ni saa mbovu, akaniambia nisimwache peke yake na kama ndani kuna dawa ya panya niitoe, kisha akasema nirudi nyumbani, kuna mtu anakuja leo hii hii.

Akaja nesi, mwanamke wa makamo. Hana sare, hana koti jeupe, hana gari lenye maandishi ubavuni, ana mwavuli na kapu, na ndani ya kapu kigoda cha chuma kilichovunjika mguu. Kabla hajavuka kizingiti akaninong'oneza, "Mama, majirani wakiuliza, mimi ni nani wako?" Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni, wifi. Basi akapaza sauti mtaa mzima usikie, "Haya wifi, za masiku! Huyo kaka yangu yuko wapi, nimemletea kigoda anitengenezee!" Na kuanzia hapo nikawa na wifi ambaye sikumpata kwa ndoa.

Nikuambie anavyofanya kazi, maana sijaona mtu anafanya kazi vile. Siku ile ya kwanza alimuuliza Cheche swali moja tu zito, tena wazi bila kuzunguka, kama anafikiria kujiua, na Cheche aliyekuwa hajanijibu mimi neno kwa wiki nzima akamjibu yeye. Baada ya hapo hakugusa habari ya pombe. Alikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa akaangalia ile mikono inavyohangaika na mguu wa kigoda. Akaja tena na birika lisilo na mkono, akaja na feni iliyopinda, mpaka mume wangu akamuuliza, "Dada, huko kwako mnapigana na vyombo?" na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu msiba. Siku aliyoitamka pombe mwenyewe, Wifi hakuruka wala hakupiga vigelegele, alisema tu, "Inaanza saa ngapi?" na akaendelea kumenya viazi vyangu. Kisha akaniita pembeni akanieleza kwamba mtu wa kunywa vile hakatazwi ghafla, mwili unaweza kumgeuka akafa, akapanga na daktari dawa na siku za kumwangalia, na siku zile alikuwa anakuja asubuhi na jioni, na mvua ilikuwa inanyesha.

Na siku moja akamwacha Cheche na mashine yake, akanifuata jikoni, akaniuliza, "Na wewe, wifi, wewe unalala?" Nilikuwa sijaulizwa hivyo na mtu yeyote. Nililia mpaka sufuria ikaungua, naye akazima moto, akafungua dirisha, akakaa. Tangu hapo akawa anaita ziara moja ya kaka na moja ya wifi, na ile yangu alikuwa haikosi.

Cheche aliteleza mara moja, sitakuficha, siku ya kumbukumbu ya mdogo wake. Nilijua Wifi atakuja amenuna. Alikuja na bawaba ya mlango iliyokatika, akasema, "Kaka, tuanze." Basi. Sasa hivi mume wangu ananyoosha mstari wa chuma mpaka unapendeza kuuangalia, amepewa kazi ya mageti ya shule yote mawili, na kila wiki anakwenda kukaa na wenzake walioacha, kwenye bohari la zamani la baraza la mji, ambako Wifi aliomba wapewe chumba.

Sasa sikia kioja. Siku moja niko bombani na jirani yangu Mama Pacha, Wifi akapita na mwavuli wake, nikasema kwa kujidai, "Wifi yangu huyo." Mama Pacha akashtuka akasema, "Wifi yako tena? Si mama yangu mdogo huyo?" Tukatazamana. Kisha sote wawili tukainama tukaziangalia ndoo zetu kana kwamba maji ni kitu kigeni. Kuanzia hapo nikafungua macho, na nikagundua kwamba kwa kinyozi ni binti wa mjomba, kwa mwalimu mstaafu ni mkwe, kwa yule mwenye duka la vipuri ni shemeji, yaani mwanamke mmoja ana ndugu mtaa mzima na hafanani na hata mmoja, na kila nyumba inajua yake na inanyamaza, na mimi nilikuwa naona raha, nasema huu ndio ustaarabu.

Ustaarabu huo ndio umetumaliza. Baraza la mji lilituma vijana wapite nyumba kwa nyumba kuuliza kama huduma hii ya Wifi, ambayo baraza ndilo linailipia, inatumika, kabla ya kupanga bajeti. Kijana aliyekuja kwangu alimkuta mama mkwe amekaa barazani anachambua mchele, Mama Pacha anaanika nguo upande wa pili wa ua, akasimama akiwa na simu yake pana, akauliza kwa sauti ya mnadani, "Mama, katika nyumba hii kuna mgonjwa wa akili au mlevi anayehudumiwa na baraza?" Mshauri, ungesema nini? Mama mkwe anajua mwanawe aliugua vidonda vya tumbo, na mpaka leo anamkataza pilipili. Nikasema hapana. Nikasema hata kusikia sijasikia. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Labda mtaa wa pili." Na nimesikia mtaa wa pili walisema labda kwetu.

Sasa kwenye ubao wa matangazo wamebandika kwamba huduma ya afya ya akili na ulevi ya mtaani haina watumiaji wanaotambulika, na fedha zake zinapendekezwa ziende kwenye jengo jipya la wagonjwa wa akili hospitali kubwa, ambako ukitaka kufika unapanda magari mawili na unalala foleni, na Wifi apelekwe stoo ya dawa akahesabu vidonge. Kutakuwa na kikao cha wazi wananchi watoe maoni, kisha madiwani wapige kura. Nilimfuata Wifi nikamwambia nitasimama niseme. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma, akasema, "Usithubutu. Niliwaahidi watu siri. Siwezi kuwavua nguo ili mimi nibaki na kazi." Kisha akacheka, akasema stoo ina feni nzuri. Alicheka lakini macho yalikuwa mekundu.

Na si mume wangu tu, yeye angalau amesimama. Binti mmoja wa Mama Pacha alijifungia chumbani tangu alipoacha shule, haongei, haogi, pacha mwenzake anamwachia chakula mlangoni, na sasa hivi ndiyo kwanza ameanza kutoka kukaa kizingitini siku Wifi anapokuja. Kizingitini tu, lakini anatoka. Wifi akienda stoo, nani atamngoja huyo mtoto?

Nilimweleza Cheche. Akazima mashine, akavua miwani, akasema, "Ukisema, ya shule imekwisha, hawampi mlevi mageti ya watoto. Usiposema, kuna mtu atakwisha kwelikweli. Amua wewe, mke wangu." Na mwanaume akikuambia amua wewe, ujue ameogopa. Mimi pia naogopa. Nisimame nimwaibishe mume wangu, nimvunje moyo mama mkwe na nimsaliti Wifi, au ninyamaze nimzike Wifi nikiwa nimekaa kimya kwenye kiti? Nijibu kabla ya kikao, nakusihi.

Ni mimi, Mke wa Fundi.

*

Mke wa Fundi, marahaba. Umri wangu tuuache hapo.

Nimebadilisha mambo mawili matatu katika barua yako ili usijulikane, kwa hiyo usishtuke ukiona mengine si yako. Na jino lako lipe pole, ulilisingizia.

Nianze kwa kukugombeza, maana usiponisikia nikigombeza utadhani sijakusoma. Kusema hapana nimekuelewa. Mkwe yuko barazani, jirani yuko kwenye kamba, na kijana anapiga kelele kama anauza mitumba, hata mimi ningesema hapana na nikamfungia mlango. Lakini "labda mtaa wa pili"? Nani alikuuliza habari za mtaa wa pili? Mwanamke amekuja kwako na mvua, amekuzimia moto sufuria ikiungua, halafu wewe unamtupa uzio wa pili? Nilicheka nilipoisoma, kisha nikakasirika, kisha nikatoka nje nikatembea kidogo. Haya, yamekwisha, sina kinyongo.

Sasa nimseme huyo Wifi yako. Nimeiandika safu hii miaka mingi, na barua nyingi zinazokuja hapa ni za kunilalamikia watu waliolipwa kusaidia wakasimanga. Huyu nampigia saluti nikiwa peke yangu ofisini, na mhariri amepita akaniona. Kuuliza swali zito waziwazi siku ya kwanza, kisha kunyamaza mpaka mtu afungue mdomo mwenyewe, hiyo ni kazi ngumu kuliko kuongea. Kuleta kigoda kibovu kwa fundi aliyeambiwa na kila mtu kwamba hafai, akashike, akatengeneze, aone mikono yake bado ina akili. Kumrudia aliyeteleza bila kumhubiria. Mimi ninayelipwa kwa kuhubiri nimejifunza kitu hapo. Mshike sana mwanamke huyo, mtaa wenu una bahati ambayo mitaa mingi haina.

Lakini hata yeye nina neno naye, na kwa kuwa anasoma gazeti kama watu wengine, nalisema hapa. Dada yangu, mfiche mgonjwa, usiifiche huduma. Hivyo ni vitu viwili na wewe umevifunga kwenye fundo moja. Zahanati ina ubao mkubwa umeandikwa chanjo ya watoto, na hakuna mtoto aliyewahi kuaibika kwa ubao. Ungekuwa na ubao wako pale mlangoni, ungesimama mara moja kwa mwaka mbele ya mtaa ukasema mimi ni nesi, kazi yangu ni hii, natembea nyumba nyingi na sisemi zipi, siri ya kila mtu ingebaki salama na baraza lisingepata pa kushika. Umeilinda heshima ya watu vizuri mno mpaka umeifuta kazi yako. Na kazi hiyo si mali yako uitoe kafara ukiwa unacheka. Ni ya huyo binti wa kizingitini.

Na hao wa baraza nao wasikae wakidhani nimewasahau. Ukimuuliza mtu mlangoni, mbele ya mkwe wake, kama nyumbani kwake kuna mlevi, hujafanya utafiti, umefanya uchokozi. Majibu ya namna hiyo hayapangiwi bajeti. Hata hivyo sishangai. Jengo lina jiwe la msingi, lina rangi, lina utepe wa kukata. Sijaona diwani amekata utepe mbele ya mtu aliyelala usingizi mzuri.

Sasa, mama, kuhusu swali lako. Unaniuliza useme ya Cheche au unyamaze. Ya Cheche si yako. Usiiseme, hata kwa nia njema, hata huku unalia. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia, na umeipita kama mtu aliyepita mlango wa nyumba yake, kwamba Wifi alikuuliza kama unalala, na kwamba alikuwa na ziara yako ambayo haikosi. Unadhani ilikuwa ya umbea? Ulikuwa mgonjwa wa pili wa nyumba hiyo na ulitibiwa. Hiyo ni siri yako, mali yako halali, unaweza kuitoa bila kumwomba mtu ruhusa. Simama useme: mimi nilikuwa silali, nilikuwa nimekata tamaa, baraza lilinitumia nesi nyumbani, leo nimesimama hapa. Inatosha. Hawezi mtu kukuuliza zaidi, na akikuuliza mwambie swali hilo ajijibu mwenyewe.

Sikudanganyi, watu watajumlisha. Walimwona mumeo akipepesuka, hawana upofu. Kwa hiyo kabla ya kikao kaa naye, mwambie maneno yenyewe utakayosema, neno kwa neno, kama unavyompimia mteja pazia. Akisema amua wewe, kataa jibu hilo. Mwambie, "Hapana baba watoto, ndiyo au siyo." Akisema siyo, hutataja nyumba yako kabisa, utasimama kama mkazi na kuuliza walifanyaje utafiti, basi, na hapo hakuna wa kukujumlisha. Akisema ndiyo, aende yeye kwanza kwa mwalimu mkuu wa shule akamweleze kwa mdomo wake, akiwa na geti lake lililonyooka mbele ya macho yao. Inawezekana wakamnyang'anya hiyo kazi. Siwezi kukuahidi kwamba hawatamnyang'anya, watu wana mioyo yao. Lakini mtu akilisikia jambo kutoka kwa mwenyewe hulipokea tofauti na akilisikia sokoni.

Mama mkwe mwambieni leo. Na usiniambie atavunjika moyo. Aliyemzaa mwanawe, akaona mikono inatetemeka na geti halifungi, unadhani aliamini ni tumbo? Vidonda gani vya tumbo vinapinda geti? Na huyo wifi anayeingia na kutoka, mama mzazi hajui kwamba hakumzaa? Huyo mama anajua zamani. Anamkataza pilipili ili ninyi msijue kwamba anajua. Mtoeni kwenye mateso hayo, mzee wa watu amechoka kuigiza.

Ukifika kikaoni, usiende kuitukana hospitali. Kuna watu wanahitaji kitanda na mlango wa kufunga, na siku ile Cheche angezidiwa ungekishukuru hicho kitanda. Lakini kitanda kinamngoja mtu aanguke, na Wifi alifika kabla. Waambieni mnahitaji vyote viwili, na cha mtaani kiwe na kifungu chake chenyewe kwenye bajeti, kisihamishwe kwenda kwenye saruji bila wakazi kuulizwa. Waulizwe kwa karatasi zisizo na jina, sanduku liwekwe zahanati kama la kura, mtu atie alama akunje aende zake. Nawaahidi sanduku hilo litajaa. Na msiende kuomba Wifi abaki. Ombeni aongezewe wenzake. Mwanamke mmoja na mwavuli mmoja kwa mtaa mzima, akiugua yeye mtafanyaje? Mtu anayeomba kubakishiwa hupunguziwa, siku zote, ndivyo mabaraza yalivyo.

Kabla ya yote hayo, leo hii ukimaliza kusoma, nenda kwa Mama Pacha. Usibebe hotuba. Mwambie, "Yule si wifi yangu," kisha ukae umngoje. Mpe muda, maana yake ni mtoto na inamuuma kuliko yako. Usimuulize habari za binti mpaka azilete mwenyewe, ulishaonyeshwa hilo linavyofanywa.

Sasa nikwambie jambo la mwisho, na nimelizungusha kichwani sana kama niliseme au nisiliseme. Barua yako haikuja peke yake. Sisemi ni ngapi, wala sisemi za nani, na alama zote nimezichanganya msianze kutafutana. Mmoja ana mama mdogo. Mmoja ana binti wa mjomba. Mmoja, mwanaume mzima, ana mkwe ambaye hakumwozesha mtu. Wote wanauliza wasimame au wanyamaze, wote wamesema hapana mlangoni, na kila mmoja ananiapia kwamba akisimama atakuwa peke yake ukumbini. Nimeamua kuwajibu wote kwa jibu hili moja, na mpaka hapa kila mmoja ameshajua kwamba ni yeye ninayemwambia.

Kwa hiyo, Mke wa Fundi, nenda mapema ukae viti vya mbele. Ukipewa nafasi sema maneno yako machache, taratibu, usiombe radhi. Na ukishamaliza, usikae. Mwenyekiti akikuonyesha kiti, mshukuru, lakini usikae. Wenzako wanachelewa kidogo kuinuka.